Teria wa Pilipili na Haradali: kumzalisha, kumwonyesha na kumpima Dandie Dinmont

Dandie Dinmont ni teria wa miguu mifupi na mwili mrefu, mwenye kishungi cha nywele laini utosini na macho makubwa ya mviringo. Asili yake ni mpakani mwa Uskoti na kaskazini ya Uingereza, ambako wakulima walimtuma mashimoni kumfuata mbweha, fisi maji na melesi, yule mchimbaji wa Ulaya aliye jamaa ya nyegere. James Davidson, mkulima wa Hindlee, aliwaita mbwa wake kwa majina mawili tu, Pilipili na Haradali, kufuatana na rangi zao. Mwandishi Walter Scott alipomtia mkulima aitwaye Dandie Dinmont katika riwaya yake ya mwaka 1815, mbwa nao wakabaki na jina hilo. Chama chao kiliundwa mjini Selkirk tarehe 17 Novemba 1875, miaka miwili tu baada ya kuzaliwa kwa Kennel Club yenyewe, chama kikuu cha mbwa cha Uingereza.

Leo mbwa huyu yumo katika orodha ya Kennel Club ya mbegu (aina za mbwa) za Uingereza zilizo hatarini kutoweka, yaani zile ambazo watoto wanaoandikishwa kwa mwaka hawafiki 300. Kwa mbegu kubwa kama Labrador, kosa la mfugaji mmoja humezwa na maelfu ya mbwa wengine. Kwa Dandie halimezwi. Anayezalisha, anayeonyesha na anayehukumu wanalima shamba moja dogo, na kila anachopanda mmoja wao wenzake watakivuna.

Nasaba kabla ya dume

Wengi huanza kwa kutafuta dume. Anza na jike wako na karatasi za nasaba yake. Ukoo wa kiume wa Dandie wote waliopo unarudi kwa mbwa mmoja, Old Ginger, aliyezaliwa mwaka 1842 huko The Haining, Selkirk. Hakuna basi Dandie asiye ndugu; kuna wa karibu na wa mbali. Kinachopimwa ni asilimia ya udugu: uwezekano kwamba mtoto atapokea nakala ileile ya jeni upande wa baba na upande wa mama kwa kuwa imetoka kwa mzee mmoja. Ndugu wa baba na mama mmoja wakipandishana, watoto wao huwa na asilimia 25. Wakiwa wamechangia mzazi mmoja tu, 12.5. Watoto wa ndugu wawili wakikutana, 6.25. Kennel Club haiandikishi tena uzao wa baba na binti, mama na mwana, wala kaka na dada.

Mtego uko kwenye idadi ya vizazi vinavyohesabiwa. Cheti cha vizazi vitatu kinaweza kuonyesha sifuri, kumbe ukirudi vizazi kumi majina ni yaleyale machache yanayojirudia pande zote mbili, na hesabu inapanda sana. Tumia programu inayosoma nasaba yote iliyoandikwa, na usilinganishe mbwa aliyehesabiwa vizazi vitano na mwingine aliyehesabiwa kumi. Kennel Club ina kikokotoo chake mtandaoni: ukiingiza dume na jike kinakupa asilimia ya watoto ambao bado hawajatungwa, pamoja na wastani wa mbegu nzima. Tafuta dume atakayeuweka uzao chini ya wastani huo. Ukikosa kabisa, shikilia angalau usiupite.

Sasa tuje kwenye kosa linaloziua mbegu chache kuliko ugonjwa wowote. Dume mmoja anashinda maonyesho makubwa, na ndani ya miaka miwili kila mwenye jike anamtaka. FCI, shirikisho la vyama vya mbwa duniani, linashauri kwamba mbwa mmoja asizae zaidi ya asilimia 5 ya watoto wote wa mbegu yake wanaoandikishwa katika miaka mitano. Piga hesabu. Tuseme mbegu inaandikisha watoto 100 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni 500, na asilimia 5 ni watoto 25. Uzao wa Dandie kwa kawaida ni watoto 3 hadi 6, hivyo dume huyo amemaliza fungu lake kwa mizao mitano au sita tu, kwa maisha yake ya ujana yote. Wenye madume hawapendi hesabu hii, maana kila upandishaji una malipo. Lakini bingwa aliyezaa mizao ishirini ameacha vijukuu ambao hawana wa kupandishwa naye ila binamu zao, na kama alibeba ugonjwa uliojificha, ameshausambaza kabla yeyote hajaugundua.

Kwa hiyo mtazame ndugu wa bingwa. Mara nyingi kaka yake aliyebaki nyumbani ana jeni nyingi zilezile njema, na hajatumika hata mara moja. Jike wa daraja la kati, mwenye afya na aliyetoka katika ukoo usioonekana sana, ana thamani kuliko wa nne wa ukoo uliojaa kila mahali. Dume mzuri kabla hajazeeka, hifadhi mbegu zake za kiume kwenye naitrojeni ya maji kwa nyuzi 196 chini ya sifuri zingali na nguvu, akiwa na miaka minne au mitano. Ukisubiri afike kumi, utahifadhi maji matupu.

Macho na mgongo

Magonjwa mawili yanatangulia mengine yote katika kuamua nani azae.

La kwanza ni glakoma, presha ya jicho. Katika Dandie pembe ambamo maji ya ndani ya jicho hupita kutoka inaweza kuwa imezibwa tangu kuumbwa. Presha hupanda ghafla ukubwani, na jicho huweza kupofuka kwa siku chache. Uchunguzi wake ni kuweka lenzi maalumu juu ya jicho lililotiwa ganzi na kuitazama pembe hiyo. Nchini Uingereza majibu hutolewa kwa daraja 0 hadi 3. Wa 0 na wa 1 wapandishe. Wa 2 mpe mwenzi wa 0 au 1 tu, na uwe na sababu nzito ya kumtumia. Wa 3 asizae. Pembe huweza kuzidi kufunga kadiri mbwa anavyokua, kwa hiyo majibu ya umri wa mwaka mmoja hayatoshi kwa dume wa miaka sita. Rudia kila baada ya miaka mitatu hivi.

La pili ni diski za uti wa mgongo. Miguu mifupi inatokana na badiliko la jeni linalogusa ukuaji wa gegedu, na katika mbwa wa umbo hili diski hukauka na kuwa ngumu mapema, kisha moja ikapasuka na kubana uti. Mbwa aliyewahi kupooza au kuburuta miguu ya nyuma asizae, hata kama alipona vizuri. Uliza pia habari za ndugu zake, si zake peke yake. Hii ndiyo sababu tunashauri jike asipandishwe kabla ya miaka miwili: ukimharakisha, anazaa kabla mgongo na macho yake havijasema kitu. Kwa upande wa pili, Kennel Club haiandikishi uzao wa jike aliyetimiza miaka 8, wala zaidi ya mizao minne kwa jike mmoja.

Kila teria mchache ana donda lake. Anayefuga Glen of Imaal wa Ireland apime jeni ya upofu wa retina. Mwenye Sealyham wa Wales apime ile ya lenzi kuchomoka mahali pake. Hizo hupimwa kwa ute wa mdomoni mara moja tu, na majibu ni ya kudumu. Mbwa mwenye nakala moja ya jeni mbovu usimtupe: mpandishe na asiye nayo, hakuna mtoto atakayepata nakala mbili. Kuwafuta wabebaji wote kwa mkupuo mmoja katika mbegu ndogo ni kukata mti ili kuondoa jani.

Siku ya kupandisha

Jike akiingia kwenye joto huvuja damu kwa siku tisa hivi kabla ya kumkubali dume, lakini kati ya jike na jike tofauti ni kubwa mno kuifuata kalenda. Anza kupima homoni ya projesteroni katika damu siku ya 5 au 6 tangu damu ionekane, kisha kila baada ya siku mbili. Ikifika nanogramu 2 kwa mililita, homoni inayosukuma mayai imetoka. Ikifika 5, mayai yanatoka. Mayai ya mbwa hutoka yakiwa machanga na huhitaji siku mbili zaidi kukomaa, kwa hiyo siku bora za kupandisha ni ya pili hadi ya nne baada ya kipimo cha 5.

Soma kipimio kabla ya kusoma namba. Maabara nyingine hutoa majibu kwa nanomoli kwa lita, na nanogramu 1 ni sawa na nanomoli 3.18. Aliyeona 5 ya nanomoli akadhani ni 5 ya nanogramu atampeleka jike siku kadhaa kabla ya wakati. Kisha husema dume ni tasa.

Mayai yakijulikana siku yaliyotoka, kuzaa ni siku ya 63, pungufu au zaidi kwa moja. Ukihesabu kutoka siku ya kupandishwa tu, unaweza kukosea kwa zaidi ya wiki, na hapo ndipo watoto hutolewa kwa upasuaji kabla mapafu hayajakomaa.

Dandie akipanda, mgongo wake mrefu unabeba mzigo usio wa kawaida. Waweke juu ya mkeka wa mpira usioteleza, sakafu iwe sawa, na kama dume ni mfupi kuliko jike mwekee mkeka uliokunjwa chini ya miguu ya nyuma. Watu wawili wawepo: mmoja ashike kichwa cha jike, wa pili amsaidie dume kugeuka. Wakishaungana hubaki hivyo dakika 5 hadi 30. Usiwavute wala usiwaruhusu kukaa au kujiviringisha, maana hapo ndipo dume huumia uume na jike huumia kiuno. Rudia baada ya saa 48.

Kwa uhimilishaji, yaani kumtia jike mbegu za kiume bila dume kumpanda, muda ni mwembamba zaidi. Mbegu za kiume zilizopozwa huishi siku moja au mbili ndani ya jike. Zilizogandishwa huishi saa 12 hadi 24 tu zikishayeyushwa. Hizo zinataka kuwekwa siku ya tatu hivi baada ya mayai kutoka, tena ndani ya mfuko wa uzazi, kazi ya daktari wa mifugo aliyefunzwa kupitisha kamera kwenye mlango wa kizazi.

Mimba na kuzaa

Picha ya mawimbi ya sauti huonyesha mimba kuanzia siku ya 28. Baada ya siku ya 55 piga eksirei ili kuhesabu vichwa. Ukijua ni watoto wanne, utajua pia kwamba wa nne bado yumo. Chakula kibaki kilekile hadi wiki ya tano, kisha kiongezwe kidogo kidogo hadi robo au nusu zaidi siku za mwisho. Usimpe vidonge vya kalisi wakati wa mimba. Mwili wake hulemaa katika kuitoa mifupani, na maziwa yakianza anaanguka kwa degedege. Jike anayenyonyesha akianza kutetemeka, kuhema na kutembea kama gogo, kila dakika ni ya kumkimbiza kwa daktari.

Dawa ya minyoo aina ya fenbendazole, miligramu 25 kwa kilo ya uzito kila siku kuanzia siku ya 40 ya mimba hadi siku mbili baada ya kuzaa, hupunguza sana minyoo anayowapa watoto tumboni na kwenye maziwa. Watoto wenyewe wape dawa wakiwa na wiki 2, kisha 4, 6 na 8.

Kuanzia siku ya 58 pima joto la mwili mara tatu kwa siku na uandike. Kwa kawaida liko juu ya nyuzi 38. Likishuka chini ya 37.5, uchungu unakuja ndani ya saa 12 hadi 24. Sanduku la kuzalia liwe na ubao wa kuzunguka ndani, umbali wa sentimita 8 hadi 10 kutoka ukutani, mtoto apate pa kujificha mama anapoegemea. Mwite daktari bila kusubiri yakitokea haya: ute wa kijani umetoka na hakuna mtoto aliyetangulia, mama anasukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto, saa mbili zimepita tangu mtoto wa mwisho na unajua wengine wamo. Dandie ana kichwa kikubwa kwa kiasi cha mwili wake, na uzao wa mtoto mmoja au wawili ndio wa kuogopa zaidi kwa sababu watoto huwa wanene.

Mtoto anyonye maziwa ya kwanza ndani ya saa 12, maana baada ya siku moja utumbo wake hauwezi tena kupitisha kinga. Mahali walipolala pawe na nyuzi 29 hadi 32 wiki ya kwanza, upungue taratibu hadi nyuzi 24 hivi wiki ya nne. Usimlishe mtoto aliyepoa: mwili baridi hausagi maziwa, yatachacha tumboni. Mpashe moto kwanza, polepole, kifuani pako. Wapime kwa mizani ya jikoni kila siku saa ileile. Aliyezaliwa na gramu 220 anatakiwa afike 440 kati ya siku ya 8 na ya 10. Asiyeongezeka kwa siku mbili ana tatizo, hata kama analala kwa utulivu. Mara nyingi utulivu huo ndio dalili.

Macho hufunguka siku ya 10 hadi 14. Wiki ya nne waanze uji wa chakula. Kuhusu rangi, mnunuzi aelezwe mapema: pilipili huzaliwa mweusi mwenye mabaka ya kahawia, na haradali huzaliwa wa kahawia nzito. Rangi halisi inakuja baadaye, kuanzia rangi ya fedha hadi nyeusi ya buluu kwa pilipili, na kuanzia manjano hafifu hadi kahawia nyekundu kwa haradali. Hadi watimize mwaka wasipande ngazi wala kuruka kutoka kitini; magoti na viwiko vinavyopinda hapo havinyooki tena.

Manyoya

Kazi hii ndiyo inayotofautisha Dandie aliyetengenezwa na anayejua na yule aliyepitishwa mashine. Manyoya ya mwili ni ya aina mbili zilizochanganyika: malaika laini ndani, na unywele mgumu kiasi juu yake, urefu wa sentimita 5 hivi. Vikikaa pamoja huonekana kama michirizi ya penseli. Mashine ya kunyolea hukata ncha ngumu na kuacha malaika. Mbwa anabaki na pamba, rangi inafifia, na huchukua misimu kadhaa kurudi.

Kwa hiyo ananyonyolewa kwa vidole. Unywele uliokomaa hutoka bila maumivu ukishika nywele chache kwa ncha na kuzivuta kuelekea zinakoota, huku mkono wa pili ukiikaza ngozi. Ukimwona anajikunja, unavuta usiokomaa. Tia vumbi la chaki vidoleni usiteleze, kisha lisugue lote litoke, maana kanuni haziruhusu kitu kinachobadilisha rangi au ugumu wa manyoya kubaki juu ya mbwa ulingoni. Koti zima likinyonyolewa kwa mara moja, tenga wiki 10 hadi 12 kabla ya maonyesho. Njia bora ni ya mzunguko: kila wiki ondoa zilizorefuka kupita nyingine, na mbwa atakuwa tayari mwaka mzima.

Kishungi ni kitu kingine kabisa. Kioshe siku moja au mbili kabla, kikaushe ukichana kuelekea juu na mbele, na umbo lake litengenezwe kwa kuondoa nywele moja moja ukingoni, si kwa mkasi. Kifunike utosi bila kufunika macho. Juu ya pua acha pembetatu yenye nywele chache, ncha yake ikielekea machoni, kiasi cha sentimita 2.5. Sikio liwe tupu na laini kama mahameli, isipokuwa shada jepesi linaloanza sentimita 5 kutoka ncha na kulifanya sikio lionekane limechongoka. Ngozi ya sikio ni nyembamba. Weka kidole kati ya mkasi na ukingo wake kila unapokata.

Ulingoni

Mzoeze mtoto kusimama mezani tangu wiki ya nane, dakika mbili kila siku, mkono wa mgeni ukipita mdomoni na mapajani. Mwinue kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mmoja chini ya tumbo la nyuma. Kuna tabia ya zamani kwa wenye teria ya kumnyanyua mbwa kwa shingo na mkia. Kwa Dandie ni hatari, na jaji makini ataihesabu dhidi yako.

Maonyesho ya Kennel Club yanapokea mbwa kuanzia miezi sita. Ili mbwa awe bingwa Uingereza anahitaji vyeti vitatu vya ubingwa kutoka kwa majaji watatu tofauti, na kimoja walau akipate baada ya kutimiza mwaka. Kwa mbegu chache vyeti hivyo havitolewi kila mahali, basi panga safari za mwaka mapema. Anayefuga Nairobi huandikisha na kuonyesha kupitia East Africa Kennel Club.

Mwendo wa kumtembeza ni wa haraka kiasi, kamba ikiwa legevu. Ukivuta kichwa juu, miguu ya mbele inapiga hewa na mgongo unapoteza mkunjo wake. Akisimama, mwache ajipange mwenyewe kisha rekebisha mguu mmoja. Anayemnyoosha kama kwamba ni mbwa mwingine humharibia kile kinachomfanya awe Dandie.

Kwa anayehukumu

Simama mbali, mita tano au sita, na tazama umbo la pembeni kabla ya kumgusa yeyote. Mstari wa juu ndio sahihi ya mbegu hii: chini begani, unapinda kidogo kwenda chini, unainuka kwa tao juu ya kiuno, kisha unashuka taratibu hadi shina la mkia. Mgongo ulionyooka kama meza ni kosa. Nundu inayoanza katikati ya mgongo ni kosa pia, na wengi huikosea wakidhani ni tao. Weka kiganja: tao la kweli liko juu ya kiuno, nyuma ya mbavu za mwisho, na lina misuli.

Urefu upimwe, usikisiwe. Kimo begani ni sentimita 20 hadi 28, na kutoka begani hadi shina la mkia usizidi kimo mara mbili. Bora upungue kwa sentimita 2.5 hadi 5. Mbwa wa sentimita 25 basi awe na 45 hadi 47.5. Ukijua shibiri yako ni sentimita ngapi, utalimaliza hilo mezani kwa sekunde mbili. Mrefu kupita hapo usimsamehe kwa uzuri wa kichwa, kwa sababu gharama ya urefu huo italipwa na mgongo. Uzito ni kilo 8 hadi 11.

Kichwani, vidole viingie chini ya kishungi. Mtengenezaji hodari huweza kulifanya fuvu jembamba lionekane pana kwa nywele tu. Kutoka kona ya ndani ya jicho hadi nyuma ya fuvu pawe sawa na kutoka sikio hadi sikio, na pua kwa fuvu ziwe kama 3 kwa 5. Macho ya hudhurungi nzito, makubwa, yasiyotokeza. Fungua mdomo mwenyewe: meno ni makubwa kuliko unavyotarajia kwa mbwa wa kimo hiki, ya juu yakipita mbele ya ya chini kwa kugusana kama mkasi, na ndani ya mdomo ni peusi au pa rangi nzito. Kifua kishuke kati ya miguu ya mbele iliyo wima na iliyoachana. Mkia, sentimita 20 hadi 25, uwe na mkunjo wa jambia. Dume awe na korodani mbili zilizoshuka.

Kisha mtembeze kwenda, kurudi, na pembeni. Nguvu itoke nyuma, hatua ya mbele ifike mbali bila kurusha. Anayerukaruka, anayekakamaa au anayesuka miguu apoteze nafasi nyingi kuliko mwenye alama nyeupe kifuani, ambayo hata si kosa. Kigezo cha mbegu chenyewe, yaani maelezo rasmi ya umbo lake, kinasema uzito wa kosa ulingane na kiasi chake na athari yake kwa afya ya mbwa na kwa kazi yake ya asili. Kama hakuna anayestahili cheti, usikitoe. Kanuni zinakuruhusu, na cheti cha huruma kinaingia kwenye nasaba.

Ukiwa ulingoni sahau nasaba. Humjui baba wa huyu wala mwenye kamba. Unamjua mbwa aliye mezani leo. Mfugaji ndiye anayepaswa kuikumbuka akirudi nyumbani, na kazi yako kwake ni maelezo. Andika maneno kamili juu ya mbwa wawili wa kwanza wa kila daraja, ukitaja lililo zuri na lililopungua kwa jina lake: «tao sahihi, bega limesimama mno, meno safi», si «mbwa mzuri mwenye mvuto». Na kama wa tatu ni jike mwenye fuvu dogo lakini mgongo na mwendo visivyo na dosari, mwandike pia hata kama kanuni haikulazimu. Kuna mtu mwenye dume wa kichwa kizuri anayesoma maelezo hayo akitafuta jike wa namna hiyohiyo.